Mbwa Amekula Mboga na Sasa Hayuko Sawa: Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Mboga nyingi hazimdhuru mbwa. Karoti, tango, boga, njegere, maharage machanga na kiazi kitamu kilichochemshwa bila chumvi ni vitu ambavyo mbwa mzima mwenye afya anakula na maisha yanaendelea. Hata hivyo, anayempa mbwa wake mboga mara kwa mara hakosi siku ya kusimama mbele ya matapishi au kinyesi cha ajabu akijiuliza kimeharibika nini. Mara nyingi mboga hubebeshwa lawama isiyo yake. Ukichunguza unakuta tatizo ni kilichopikwa pamoja nayo, au ukubwa wa kipande, au wingi uliotolewa kwa mkupuo.

Swali la kwanza si "amekula nini" bali "lini". Kinachochoma tumbo hujionyesha ndani ya saa chache. Chakula kigeni kilichouzidi utumbo huonekana siku hiyohiyo au kesho yake. Kilichokwama huchukua siku, na gunzi la hindi huweza kukaa tumboni wiki kadhaa kabla halijashuka na kuziba utumbo. Vitunguu navyo vina hila yao: mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha siku ya tatu, ya nne au ya tano ndiyo anaishiwa nguvu, wakati mwenyewe ameshaisahau ile sufuria. Kwa hiyo orodhesha alichokula siku tano zilizopita, pamoja na alichookota, alichoiba jalalani na alichopewa na watoto chini ya meza.

Haya hayasubiri

Kama mbwa anakakamaa kutapika na hakitoki kitu huku tumbo limevimba na kukaza, acha kusoma umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Huenda tumbo limejipinda, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na hali hiyo huua ndani ya saa chache. Vivyo hivyo kwa mbwa anayeanguka, anayetetemeka au kupata degedege, mwenye fizi nyeupe, au anayetapika mfululizo hadi maji hayakai.

Usimtapishe kwa chumvi. Ushauri huo wa zamani bado unazunguka, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Dawa nyingine za kutapisha nazo ni za kutumia kwa maelekezo ya daktari tu, kwa sababu gunzi au kokwa linaloshuka vizuri linaweza kukwama kooni likirudi juu.

Vipande vya mboga vimetoka kama vilivyoingia

Hili ndilo linalowatia watu hofu zaidi na ndilo dogo kuliko yote. Kinyesi kimeshikana vizuri, mbwa anacheza, ila ndani yake kuna vipande vya karoti vyenye rangi na kona zake zilezile kama vimetoka kwenye ubao wa kukatia. Meno ya mbwa yameumbwa kukata na kuchana. Taya lake halisagi kwa kwenda pembeni, na mate yake hayaanzi kumeng'enya wanga kama yetu. Ukuta wa seli za mmea nao hauvunjwi na kimeng'enya chochote cha mwili wake. Kipande kilichomezwa kizima hupita kizima.

Si kwamba mbwa hawezi mimea. Mwaka 2013 timu ya watafiti iliyoongozwa na Erik Axelsson ilichapisha katika jarida la Nature kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi kuliko mbwa mwitu (wolf) za jeni ya AMY2B, inayotengeneza kimeng'enya cha wanga kwenye kongosho. Kiazi kilichopikwa wanakimeng'enya vizuri tu. Kinachowashinda ni ukuta wa seli, na ukuta huo unauvunja wewe jikoni: katakata mboga ndogondogo, ipike kwa mvuke au ichemshe mpaka uma uingie bila kusukuma, kisha iponde. Ukitaka apate virutubisho, fanya hivyo. Ukitaka tu kitu cha kumshughulisha mdomo kisicho na kalori nyingi, karoti mbichi nzima inatosha, na hapo vipande kwenye kinyesi visikunyime usingizi.

Cha kuogopa kwenye karoti ni umbo. Ukiikata miduara minene, kila mduara unatosha koo la mbwa mdogo. Ikate kwa urefu iwe vijiti vyembamba, au uipare kwa kikwaruzo. Kwa mbwa anayekula kwa pupa, anayemeza kabla hajaonja, sipendekezi karoti mbichi ngumu kabisa.

Gesi na tumbo linalonguruma

Kabichi, brokoli, koliflawa na maharage vina sukari ambazo utumbo mwembamba hauzimeng'enyi. Zinafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, na chumba kizima kinajua. Gesi peke yake, kwa mbwa anayekula na kwenda choo kama kawaida, ni kero ya pua zenu zaidi kuliko ugonjwa. Punguza kiasi na ipike mboga. Kesi nyingi hutulia hapo.

Brokoli inahitaji uangalifu kidogo zaidi ya kabichi. Vichwa vyake vina isothayosaiyaneti, kemikali inayowasha utando wa tumbo la mbwa kama amekula nyingi. Kitawi kimoja kidogo cha kichwa hicho, kikikatwakatwa ndani ya chakula, si tatizo. Bakuli zima la brokoli ni tatizo, na hapo dalili haziishii kwenye gesi, mbwa hutapika na kuharisha.

Maharage makavu, hasa mekundu, ni kesi tofauti isiyopaswa kuchanganywa na gesi. Yakiwa mabichi au nusu mabichi yana lektini, protini inayosababisha kutapika kwa nguvu na kuharisha ndani ya saa chache. Loweka, mwaga maji, kisha chemsha kwa moto wa kutokota kweli kwa angalau dakika 10 kabla ya kuendelea kuyaivisha. Moto mdogo wa muda mrefu hautoshi kuiua lektini. Maharage ya kopo yameshaiva, lakini yana chumvi: yasuuze, na usome kopo kama limetiwa kitunguu.

Anaharisha

Chanzo cha kwanza ni haraka. Mbwa aliyekula chakula kilekile mwaka mzima anapewa nusu bakuli la boga kwa sababu mwenye mbwa amesikia boga ni zuri. Bakteria wa utumbo wake hawajazoea nyuzinyuzi hizo, na kesho yake choo ni maji. Chanzo cha pili ni wingi, hata kwa mboga aliyoizoea. Cha tatu ni mafuta na chumvi za mabaki ya mezani, na cha nne ni mboga zilizoanza kuoza.

Kuhusu wingi, hesabu inasaidia. Madaktari wengi wa mifugo hushauri vya ziada vyote, mboga ikiwemo, visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Mbwa mzima wa kilo 10 aliyehasiwa anahitaji takribani kilokalori 600 kwa siku, kwa hiyo vya ziada ni 60. Karoti ina kilokalori kama 41 kwa gramu 100, hivyo karibu gramu 145 zingeingia humo. Kiazi kitamu kilichochemshwa kina karibu mara mbili ya hapo, na gramu 80 zinatosha. Tango lina 15 tu, maana yake gramu 400 zinaruhusiwa kwa kalori, lakini utumbo hautaziruhusu. Ndiyo sababu mimi huanza na kijiko kimoja cha chakula kwa mbwa wa kilo 10, chochote hesabu itakachosema, na kupanda polepole.

Matibabu ya kuharisha kwa kawaida ni mepesi: simamisha mboga zote, hakikisha ana maji safi muda wote, na mpe chakula chepesi kidogo kidogo kwa siku moja au mbili, kwa mfano wali na kuku aliyechemshwa bila ngozi, chumvi wala viungo. Boga lililopikwa na kupondwa, kijiko kimoja, husaidia baadhi ya mbwa kwa sababu nyuzinyuzi zake hunyonya maji, na kwa sababu hiyohiyo hulainisha choo kilichokauka. Ila likizidi, boga lilelile linaharisha. Akipona, rudisha mboga moja tu, kijiko kimoja, na usiongeze nyingine mpaka siku tatu zipite. Ukirudisha tatu kwa pamoja na tumbo likachafuka tena, hutajua ipi.

Ukiona damu, au kuharisha kunapita siku mbili, au mbwa ni mtoto, mzee au amelegea, usiendelee kujaribu nyumbani.

Ametapika ndani ya saa chache

Tazama matapishi kabla hujayasafisha. Mboga iliyotoka nzima, bila kumeng'enywa, dakika chache baada ya kula, kwa mbwa anayetaka kuila tena, ni pupa: mpe kidogo kidogo.

Kama mboga ilikuwa imekaangwa au imetoka kwenye mchuzi wenye mafuta, fikiria kongosho. Mbwa mwenye uvimbe wa kongosho hutapika, hukataa chakula, na wakati mwingine hushusha kifua chini na kuacha makalio juu kwa sababu tumbo linamuuma. Huyo anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Viazi mviringo vibichi, hasa vilivyogeuka kijani au kuchipua, vina solanini. Nyanya mbichi za kijani, majani na mashina yake vina kemikali ya jamaa hiyo. Nyanya iliyoiva vizuri haina shida. Mbwa aliyetafuna mmea wa nyanya bustanini anaweza kutokwa mate, kutapika, kulegea na kupanuka mboni za macho. Na ukiwa hapo bustanini, angalia kama kuna chambo cha sumu cha kuulia konokono. Chenye metaldehaidi kinaleta mtetemeko na degedege haraka sana, na watu hudhani ni mboga.

Uyoga wa porini nao una udanganyifu wake wa saa. Aina zinazoua ini huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 24, kisha mbwa hutapika na kuharisha, halafu huonekana kupata nafuu, na baada ya hapo ini linaanza kufa. Nafuu hiyo isikurudishe nyumbani. Zabibu, mbichi au kavu, si mboga lakini huingia kwenye saladi, na zinaharibu figo za mbwa kati ya siku moja na tatu baada ya kuliwa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Piga simu hata kabla ya dalili.

Fizi zimepauka, mkojo umekolea

Hapa ndipo mboga zinapoua, na karibu kila mara ni jamii moja: kitunguu maji, kitunguu saumu, liki na majani ya vitunguu. Kemikali zake za salfa hushambulia hemoglobini ndani ya seli nyekundu za damu, seli zinadhoofika na kupasuka, na mbwa anaishiwa damu akiwa hana kidonda popote. Kwa kuwa uharibifu huo unakwenda taratibu, dalili huja siku kadhaa baadaye: anachoka kwa matembezi aliyoyazoea, anapumua haraka akiwa amelala, fizi zinapauka au kuwa za manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea.

Fizi ipimwe hivi. Inua mdomo wa juu pembeni, bonyeza ufizi juu ya jino kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Kama fizi za mbwa wako ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini taratibu uangalie nyama ya ndani. Fanya hivyo leo akiwa mzima, ili uijue rangi yake ya kawaida, maana siku ya wasiwasi kila ufizi huonekana umepauka.

Kipimo kinachotajwa katika tiba ya mifugo ni gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Kwa mbwa wa kilo 10 hiyo huanzia gramu 150, yaani kitunguu kimoja kikubwa. Watu husoma namba hiyo na kutulia, na hawapaswi, kwa sababu tatu. Kidogo kidogo kila siku hujumlishana. Kitunguu saumu ni kikali zaidi kwa uzito uleule. Na unga wa vitunguu, ambao ni kitunguu kilichotolewa maji, ni mkali kuliko vyote. Kupika hakuondoi sumu hiyo wala kukausha. Mbwa wa aina ya Akita na Shiba huathirika kwa urahisi kuliko wengine.

Mahali kinapojificha ndipo penye kesi nyingi. Mtu anaamua kumpikia mbwa karoti na viazi, chakula safi, bila mafuta, na ili kinukie anachemshia kwenye supu iliyobaki au anatupia mchemraba wa kiungo cha supu. Bakuli linaonekana ni la karoti na viazi. Vitunguu vimeshayeyuka kwenye maji. Ataulizwa na daktari "amekula vitunguu?" naye atajibu hapana kwa moyo safi. Soma lebo ya kila kiungo, pamoja na vyakula vya kopo vya watoto wachanga, na mboga za mbwa zichemshwe kwa maji matupu.

Ukijua amekula, piga simu siku hiyohiyo, usingoje dalili. Ndani ya saa moja au mbili daktari anaweza kumtapisha na kumpa mkaa wa kunyonya sumu. Baadaye hakuna dawa ya kuibatilisha, kuna kumsaidia tu kwa oksijeni, maji ya mshipani na damu ikibidi. Na kipimo cha damu cha siku ya kwanza kikitoka kizuri, uliza kirudiwe lini, kwa sababu damu huendelea kushuka siku zinazofuata.

Mkojo au kinyesi chekundu, lakini mbwa mchangamfu

Kama jana alikula kiazisukari chekundu, au bitiruti kama wengi wanavyokiita, huenda ni rangi yake tu. Fizi ziwe za waridi, hamu ya kula iwepo, na rangi ipotee ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha. Lolote kati ya hayo likikosekana, ichukulie kuwa ni damu mpaka kipimo cha mkojo kiseme vinginevyo.

Hajapata choo na hataki kula

Mshukiwa namba moja ni gunzi. Punje za mahindi hazina neno. Gunzi halimeng'enyiki, halilainiki, na kipande kinachopita kooni kinaweza kisipite utumboni. Kokwa la parachichi na mapande makubwa ya kiazi kitamu kibichi hufanya vilevile. Mbwa hutapika mara kwa mara, hukataa chakula, huumia ukimgusa tumbo, anakwenda kuchutama na hakitoki kitu au vinatoka vimajimaji tu. Vimajimaji hivyo huwadanganya watu wakadhani ni kuharisha.

Ukimwona amemeza gunzi, usingoje litoke. Likiwa bado tumboni linaweza kutolewa kwa kamera ya kupitisha mdomoni, likishashuka na kuziba ni upasuaji. Mwambie daktari wazi kwamba ni gunzi, kwa kuwa kwenye eksirei ya kawaida halionekani vizuri kama mfupa au chuma.

Choo kigumu bila dalili hizo ni jambo jepesi: ameongezewa nyuzinyuzi bila maji. Ongeza maji kwenye chakula chenyewe.

Anajikuna tangu nianze kumpa mboga

Inawezekana, ila mzio wa chakula kwa mbwa husababishwa zaidi na protini kama nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Chunguza viroboto kwanza.

Matatizo yanayochukua miezi

Mbwa aliyewahi kupata kwenye kibofu mawe ya oksaleti, kemikali iliyomo kwa wingi katika baadhi ya mboga, asipewe spinachi wala bitiruti bila ruhusa ya daktari. Mwenye figo mbovu, kisukari au anayekula chakula cha tiba, vivyo hivyo. Watoto wa mbwa hujaa haraka kwa nyuzinyuzi na kukosa nafasi ya protini na kalsiamu wanazohitaji kukulia, kwa hiyo kwao mboga ni kionjo tu.

Walioamua kubadili chakula kizima kiwe cha mimea wajue pia kwamba Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza ripoti za ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa waliokula vyakula vyenye njegere, dengu, mikunde mingine au viazi kama viungo vikuu. Haikuthibitishwa kwamba vyakula hivyo ndivyo chanzo. Hayo hayahusu njegere chache juu ya chakula cha kawaida, lakini mbwa wa chakula cha namna hiyo akianza kuchoka mapema, kukohoa au kuzimia, mtajie daktari chakula chake kabla hajauliza.

Ukipiga simu kwa daktari

Sema uzito wa mbwa, alichokula, kiasi, kilivyopikwa na kilichopikwa nacho, saa aliyokula, saa dalili ilipoanza, na dawa anazotumia. Kama kuna kopo au pakiti, shika mkononi usome viungo kimoja kimoja. Matapishi au kinyesi chenye kitu usichokitambua kipige picha, ukitie kwenye mfuko na ukipeleke pamoja na mbwa.